Sidney Poitier na Kile Ambacho Marekani Iliweza Kukitazama

Sherehe ya tuzo za Oscar ya mwaka 1968 ilipangwa kufanyika tarehe 8 Aprili. Iliahirishwa kwa siku mbili, kwa kuwa Martin Luther King alikuwa ameuawa mjini Memphis tarehe 4 na mazishi yake yalikuwa yafanyike Atlanta tarehe 9, na baadhi ya wasanii weusi, mwigizaji Sidney Poitier akiwamo, walikuwa wamekwisha kusema kwamba hawatafika ukumbini iwapo sherehe itafanyika kabla ya King kuzikwa. Filamu tano ziliwania tuzo ya filamu bora usiku ule. Mbili kati yake, "In the Heat of the Night" na "Guess Who's Coming to Dinner", zilimtegemea Poitier kama mwigizaji mkuu. Ya kwanza ilishinda. Rod Steiger, aliyecheza humo kama mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Mississippi, alitwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume, na Katharine Hepburn, aliyecheza katika ya pili, akatwaa ya mwigizaji bora wa kike. Poitier hakuwamo hata katika orodha ya walioteuliwa.

Wengi walioandika juu yake, hasa baada ya kifo chake tarehe 6 Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 94, wamemwita kioo cha historia ya Marekani. Nakubaliana nao kwa sehemu tu. Kioo humwonyesha aliyesimama mbele yake, na kwa karibu miaka ishirini aliyesimama mbele ya filamu za Poitier, aliyezigharimia, aliyeziandika na aliyezikata vipande pale alipoona zinamchoma, alikuwa Mzungu wa Marekani. Ukizipanga filamu hizo mwaka kwa mwaka, unachokipata ni kumbukumbu ya kile ambacho Wazungu wa nchi ile waliweza kuvumilia kukitazama. Historia ya watu weusi wenyewe ilikuwa ikitendeka nje ya upeo wa kamera, na jambo linalonifanya nimheshimu Poitier kuliko wakosoaji wake wengi ni kwamba huko nje pia alikuwapo.

Alizaliwa Miami tarehe 20 Februari 1927, kabla ya miezi yake kutimia, wakati wazazi wake, wakulima wa nyanya wa Cat Island katika visiwa vya Bahamas, walipokuwa wamekwenda Marekani kuuza mavuno. Bahamas ilikuwa koloni la Uingereza, lakini kisiwani Cat Island karibu kila mtu alikuwa mweusi, na mtoto aliweza kukua bila kujiona kupitia macho ya mtu mwingine. Alipopelekwa Miami akiwa na umri wa miaka 15, na mwaka uliofuata alipofika New York kuosha vyombo katika mikahawa, alikuwa amekwisha kuumbika. Naamini hapo ndipo ulipotoka ule msimamo wa mwili wake ambao kamera haikuweza kuuficha: shingo iliyonyooka, macho yanayomtazama mtu usoni moja kwa moja. Kusoma kwa ufasaha alifundishwa ukubwani na mhudumu mmoja mzee wa Kiyahudi katika mkahawa alikofanya kazi, kwa kupitia magazeti usiku baada ya kazi, na lafudhi yake ya visiwani aliipunguza kwa kusikiliza watangazaji wa redio na kuwaiga, baada ya kukataliwa mara ya kwanza katika kikundi cha maigizo cha American Negro Theatre huko Harlem, mtaa wa weusi mjini New York.

Mwaka 1950 alipewa nafasi yake ya kwanza kubwa ya sinema, katika "No Way Out", kama daktari kijana anayemtibu mhalifu Mzungu anayemchukia kwa sababu ya rangi yake. Miaka miwili kabla ya hapo Rais Truman alikuwa ameamuru ubaguzi uondolewe jeshini. Wanajeshi weusi walikuwa wamerudi kutoka vita vya kumpinga Hitler na nchi ikalazimika kujieleza, kwa hiyo Hollywood iliweza kumtazama daktari mweusi, mradi awe mpole kuliko kila mtu hospitalini. Jambo kubwa zaidi lilitokea Bahamas, ambako serikali ya kikoloni iliipiga marufuku filamu hiyo na wananchi wakaunda kamati ya kupinga marufuku hiyo. Kamati ile huhesabiwa miongoni mwa hatua za mwanzo za siasa zilizowafikisha weusi wa Bahamas kwenye utawala wa walio wengi mwaka 1967 na uhuru mwaka 1973. Kijana wa nyumbani alitokea kwenye skrini akiwa na koti jeupe la udaktari, na serikali ikaogopa.

Mara baadaye alikwenda Afrika Kusini kurekodi "Cry, the Beloved Country", iliyotoka mwaka 1951, wakati sheria za ubaguzi za serikali ya mwaka 1948 zilipokuwa zikipitishwa moja baada ya nyingine. Ili yeye na mwigizaji mwenzake mweusi Canada Lee waruhusiwe kuingia, mwongozaji Zoltan Korda aliwaandikisha kama vibarua wake waliofungwa kwa mkataba. Canada Lee, ambaye milango ya kazi Marekani ilikuwa imefungwa mbele yake kwa tuhuma za ukomunisti, alifariki mwaka 1952 akiwa na umri wa miaka 45. Poitier alipotakiwa baadaye kutia saini hati ya kuwakana Lee na mwimbaji mweusi Paul Robeson ili apate kazi, alikataa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, filamu inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote za kipindi kile ni "Something of Value" ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Richard Brooks na kurekodiwa Kenya wakati hali ya hatari ikiwa bado inaendelea. Poitier ni Kimani, kijana wa Kikuyu aliyelelewa shambani kwa walowezi pamoja na Peter, anayechezwa na Rock Hudson. Siku moja Kimani anapigwa kofi na shemeji wa Peter. Anaondoka, anaingia msituni, anakula kiapo. Mwisho wa hadithi Kimani anakufa shimoni juu ya miti iliyochongwa, na Peter anabaki na kitoto cha Kimani mikononi ili akilee.

Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, mwaka uleule filamu ilipotoka. Katika vita vile walowezi raia waliouawa walikuwa 32, ilhali Waafrika waliohukumiwa na kunyongwa walikuwa 1,090, mbali na maelfu waliokufa misituni na kambini. Filamu haikuumbwa kwa uwiano huo. Suala la ardhi iliyotwaliwa katika nyanda za juu linabaki nyuma ya huzuni ya urafiki uliovunjika, na matumaini ya mwisho yanakabidhiwa kwa mlowezi mwema. Ndivyo Marekani ya mwaka 1957, iliyokuwa ikiwatazama kwa wasiwasi weusi wake walioshinda mgomo wa mabasi wa Montgomery, ilivyoweza kuielewa Kenya: kama tatizo la adabu kati ya watu wawili, ambalo lingetatuliwa laiti kofi lile lisingepigwa. Hata hivyo Poitier anamcheza Kimani kwa uchungu ambao maandishi hayakuuomba. Baada ya kofi lile uso wake hausemi kwamba amekosewa heshima na mtu mmoja. Unasema kwamba ameelewa mpango mzima. Naona pale mwigizaji aliipita filamu yake.

Kisha lipo tendo lake ambalo halikurekodiwa na kamera yoyote ya Hollywood. Mwaka 1959, Tom Mboya alipokuwa akitafuta fedha za kuwasafirisha vijana wa Kenya kwenda kusoma Marekani, barua ya kuomba michango ilitiwa saini na watu watatu mashuhuri: mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na Sidney Poitier. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81 mwezi Septemba mwaka ule. Aliyecheza Mkikuyu anayefia shimoni akawa miongoni mwa waliowachangia Wakenya halisi karo na nauli. Kwangu barua ile ina uzito zaidi ya filamu ile, na inasikitisha kwamba wasifu wake mwingi huitaja kwa sentensi moja au huiacha kabisa.

Mwaka 1958 "The Defiant Ones" ilimfanya mwanamume mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora. Yeye na Tony Curtis ni wafungwa waliotoroka wakiwa wamefungwa kwa mnyororo mmoja, na mwishoni, Poitier akiwa amekwisha kudandia garimoshi la kumwokoa, anajitupa chini kwa sababu mwenzake Mzungu ameshindwa kupanda. Mwandishi mweusi James Baldwin aliandika kwamba watazamaji Wazungu wa katikati ya jiji walifurahia kitendo kile, ilhali Harlem watu walimpigia kelele mjinga yule arudi garimoshini. Sijui ushahidi mwingine unaoeleza vizuri zaidi kioo kile kilikuwa cha nani. Watazamaji wa pande mbili walikaa mbele ya picha moja. Upande mmoja ulijiona umesamehewa, na mwingine haukujiona kabisa.

Upo mfano mmoja mkubwa wa kinyume katika miaka ile, nao ni "A Raisin in the Sun". Tamthilia hiyo iliandikwa na mwanamke mweusi, Lorraine Hansberry, ikaongozwa katika kumbi za Broadway, New York, mwaka 1959 na mtu mweusi, Lloyd Richards, na kufanywa filamu mwaka 1961. Familia ya Younger ya Chicago inataka kutumia fedha za bima ya baba aliyekufa kununua nyumba katika mtaa wa Wazungu, na Wazungu wanataka kuwalipa ili wasihamie. Hansberry aliyajua hayo kutoka nyumbani kwao, kwani kesi ya familia yake kuhusu nyumba kama hiyo ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1940. Humo Poitier, kama Walter Lee, ana mke, ana mtoto, ana mama wa kugombana naye; analewa, anadanganywa, anapoteza fedha za watu, analia, anaanguka na kuinuka. Nadhani ndiyo kazi yake bora kuliko zote. Oscar haikumteua kwa kazi ile.

Ilimpa tuzo kwa "Lilies of the Field". Homer Smith ni fundi anayepita jangwani Arizona na kukubali kuwajengea kanisa masista waliotoka Ulaya, bila malipo ya maana, kisha anaondoka zake. Hana familia, hana mpenzi, hana hasira inayodumu zaidi ya dakika chache, hamdai mtu chochote. Filamu ilianza kuonyeshwa Marekani Oktoba 1963. Tarehe 15 Septemba, wiki chache tu kabla, kanisa la weusi la mtaa wa 16 mjini Birmingham lilikuwa limelipuliwa kwa bomu na wasichana wanne wakauawa. Wakati mtu mweusi wa sinema akiwajengea Wazungu kanisa, makanisa ya weusi yalikuwa yakibomolewa na Wazungu; na tarehe 13 Aprili 1964, huku Seneti ikivutana juu ya muswada wa Sheria ya Haki za Kiraia, taifa lilimkabidhi Homer Smith tuzo yake. Sina nia ya kuidharau kazi ya Poitier, aliyoifanya kwa wepesi na ucheshi mwingi. Nasema tu kwamba waliopiga kura walichagua, kati ya wahusika wote aliowahi kuwacheza, yule asiyeomba kitu.

Miezi minne baada ya tuzo ile, Agosti 1964, Belafonte alimpigia simu. Vijana watatu wa harakati za haki za kiraia, Chaney, Goodman na Schwerner, walikuwa wameuawa Mississippi, na vijana waliokuwa wakiandikisha wapiga kura katika jimbo lile walikuwa wameishiwa fedha. Marafiki wale wawili walipanda ndege wakiwa na dola 70,000 taslimu ndani ya mkoba, wakafika Greenwood usiku, na kutoka uwanjani gari lao likafukuzwa na magari ya wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi. Mshindi wa Oscar alikuwa akikimbia katika barabara ya vumbi ya nchi iliyokuwa imetoka kumpigia makofi. Hakuna aliyeitengenezea filamu safari ile wakati ule.

Ndiyo maana "In the Heat of the Night" ilirekodiwa kwa sehemu kubwa mjini Sparta, Illinois, ingawa hadithi yake ni ya Mississippi: Poitier alikataa kurudi Kusini. Filamu ilitoka Agosti 1967, siku chache baada ya ghasia za Newark zilizoua watu 26 na za Detroit zilizoua 43. Katika tukio linalokumbukwa zaidi, mpelelezi Virgil Tibbs, anayechezwa na Poitier, anamhoji tajiri mwenye mashamba ya pamba, tajiri anampiga kofi, na Tibbs papo hapo anamrudishia. Poitier alisimulia baadaye kwamba alidai ahakikishiwe kuwa kofi lake halingekatwa katika nakala yoyote. Linganisha na lile la Kimani. Mwaka 1957 mtu mweusi aliyepigwa kofi aliondoka akawa muuaji na adhabu yake ikawa kifo. Miaka kumi baadaye alirudisha kofi, akaendelea na kazi yake, na mwishoni akapanda treni akiwa hai na cheo chake. Kati ya makofi hayo mawili kulikuwa na Birmingham, maandamano ya Selma na sheria mbili kubwa, ya haki za kiraia ya mwaka 1964 na ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965. Mabadiliko hayo hayakuletwa na sinema. Yaliletwa na watu waliopigwa kweli, na sinema ikayafuata kwa nyuma.

"Guess Who's Coming to Dinner" ilipokuwa ikirekodiwa mwanzoni mwa mwaka ule, ndoa kati ya mweusi na Mzungu ilikuwa ni kosa katika majimbo 16. Mahakama ya Juu ilizifuta sheria hizo tarehe 12 Juni. Ili binti wa Kizungu aruhusiwe kumpenda Poitier mbele ya watazamaji, ilibidi Poitier awe daktari wa sifa za kimataifa, mjane, mwenye heshima ya kupita kiasi, anayeacha fedha mezani kulipia simu aliyopiga nyumbani kwa wakwe, na anayeahidi kutomwoa binti iwapo wazazi watasita. Busu lao la pekee tunaliona ndani ya kioo cha dereva wa teksi. Humo anasimulia kwamba mchumba wake anaamini kila mmoja wa watoto wao atakuwa rais wa Marekani, na maneno hayo yaliandikwa ili watu wacheke. Wakati yanatamkwa, Barack Obama, mwana wa Mkenya na Mmarekani Mzungu waliokutana Hawaii, alikuwa mtoto wa miaka mitano. Mwaka 2009 ndiye aliyemvisha Poitier Nishani ya Uhuru ya Rais.

Septemba 1967 mwandishi wa tamthilia Clifford Mason alichapisha katika The New York Times makala iliyouliza kwa nini Marekani ya Wazungu inampenda Poitier kiasi kile. Hoja yake ilikuwa nzito: wahusika wa Poitier hawana mitaa, hawana ndugu, hawana tamaa, wapo ili kutatua matatizo ya Wazungu. Kuhusu filamu nyingi Mason alikuwa sahihi, na nimejaribu kuonyesha hapa kwa nini. Lakini lawama ilipelekwa kwa mtu aliyekuwa peke yake. Katika miaka ile hapakuwa na mwigizaji mweusi mwingine aliyebeba filamu kubwa za Hollywood mfululizo, hivyo kila alichokicheza kilihesabiwa kuwa kauli juu ya mamilioni ya watu. Steiger aliweza kumcheza mbaguzi bila mtu kumuuliza anawawakilisha akina nani. Anayemlaumu Poitier kwa kutomcheza mtu mwovu au dhaifu anapaswa kuueleza mzigo huo kwanza, na kueleza pia ni nani angemwajiri tena baada ya hapo.

Mwaka 1968 alitajwa kuwa nyota anayeongoza kwa mapato ya sinema Marekani, na mara tu baada ya hapo enzi yake ikaisha. Vijana waliokuwa wamemzika King hawakuwa na subira na daktari mpole, na kufikia mwaka 1971 sinema za mashujaa weusi wenye bastola zilikuwa zimelijaza pengo. Mengi ya baadaye yanajulikana: alimcheza mwanasheria Thurgood Marshall mwaka 1991 na Nelson Mandela mwaka 1997, akawa balozi wa Bahamas nchini Japani, na mwaka 2002 alipewa Oscar ya heshima usiku uleule Denzel Washington aliposhinda ya mwigizaji bora wa kiume, wa kwanza mweusi tangu yeye. Miaka 38 ilikuwa imepita katikati.

Kinachosahauliwa ni alichokifanya mwaka 1972, alipokaa kwa mara ya kwanza nyuma ya kamera kuongoza "Buck and the Preacher", yeye na Belafonte wakiwa wahusika wakuu pamoja na Ruby Dee. Ni filamu ya farasi na bunduki, lakini wanaosafiri katika misafara ile ni watu weusi waliotoka utumwani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wanaokwenda magharibi kutafuta ardhi, huku wakiwindwa na Wazungu waliotumwa kuwarudisha mashambani Louisiana. Buck analazimika kujadiliana na wenyeji asilia wa nchi ile ili msafara upite, na wenyeji hawamdai urafiki wala hawampi bure. Hakuna Mzungu mwema wa kuelimishwa. Hakuna anayeokolewa ili mtazamaji wa Kizungu alale vizuri. Wachambuzi wengi waliipokea kwa ubaridi na haikuleta fedha za kutosha, na hata leo simulizi nyingi za kazi yake zinairuka kutoka 1967 kwenda moja kwa moja 2002. Mimi ningeiweka pamoja na "A Raisin in the Sun" juu kabisa, kwa kuwa katika kazi zote za Poitier hizo mbili ndizo ambamo watu weusi wa Marekani wanatazamana wenyewe kwa wenyewe.